Bwana Nakala na Alama ya Kijani

Shemeji yangu hakuwahi kuridhika na kitu kimoja. Funguo za nyumba yao alichongesha seti tatu: ya kwanza mfukoni mwake, ya pili kwa dada yangu, ya tatu akaniletea mimi, ingawa nakaa mtaa wa pili na mlango wao sina kazi nao. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto alivitolea nakala, bahasha moja kwa mama yake mzazi, nyingine juu ya kabati langu. Siku ya harusi alileta wapiga picha wawili. Dada alinuna kutwa nzima akidai hayo ni maringo, mpaka kamera ya yule wa kwanza ilipogoma katikati ya shughuli, na tangu siku hiyo shemeji haambiliki kitu. Hospitalini tulikofanya kazi wote wawili walimbandika jina la Bwana Nakala, naye aliliitikia kama alilopewa na baba yake.

Alikuwa fundi wa kompyuta. Mimi ni karani wa dirisha la mapokezi, mtu wa kwanza kutukanwa asubuhi na wa mwisho kushukuriwa jioni. Nasimulia habari zake kwa sababu nazijua kuliko wengi, na kwa sababu sehemu ya uchafu uliomo humu ni wangu. Nimeona niseme hilo mapema.

Hospitali yetu ina majengo matatu: la zamani lenye mapokezi, la wadi, na lile la ng'ambo ya barabara lenye maabara na stoo ya dawa. Tulipoachana na mafaili ya karatasi, yeye alifunga mashine ya kutunza kumbukumbu katika kila jengo. Fundi mwingine angeweka moja kubwa, akaifungia chumbani, akaenda zake. Yeye alisema ikiwa moja na ikafa, tumekufa nayo.

Alinieleza siku moja nyumbani kwao kwa kutumia vikombe vya chai. Mashine ya jengo la zamani ndiyo kiranja: inapokea maandishi ya kila mtu, inawagawia wenzake wawili. Mashine mbili zikishakuwa nayo, kiranja mwenyewe na mwenzake mmoja, ndipo kwenye kioo cha aliyeandika inatokea alama ya vema ya kijani na neno Imehifadhiwa. Ya tatu itafuata ikipata nafasi. Basi mashine yoyote iungue, ilowe, iibwe, wawili wanaobaki wanachaguana kiranja mpya na kazi inaendelea, na hakuna neno lililopata alama ya kijani litakalopotea, maana lipo angalau mahali pawili.

"Mbili kati ya tatu, shemeji," alisema, akaondoa kikombe kimoja mezani. Kilikuwa changu, na chai sikuwa nimeimaliza.

Baada ya dirisha langu kuna chumba cha kupokelea watoto wanaolazwa. Humo yumo nesi mtu mzima, miaka ishirini na miwili kazini, ambaye huchomeka kalamu nyuma ya sikio hata kama hakuna karatasi ya kuandikia. Tunamwita Nesi Kalamu. Siku ya mafunzo ya mashine alikuja na daftari lake jeusi lililochakaa pembe, lenye kila jambo aliloogopa kulisahau: mtoto huyu ana kifafa, huyu mama yake hasikii, huyu asipewe dawa fulani.

"Mashine ikisahau je?" aliuliza mbele ya watu wote.

Bwana Nakala alitabasamu kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. "Nesi, ukishaiona alama ya kijani, wewe sahau. Mimi nakudhamini."

Yule mama akacheka, akalitia daftari kwenye droo. Baada ya miezi michache nilimwona akilitupa, kwa sababu hakuwa ameligusa tena.

Halafu wakaja wachimba barabara. Nyaya zote zinazotoka jengo letu kwenda kwa mengine mawili zinapita kwenye mtaro mmoja, na jembe la mashine yao likaufumua. Nyaya zikaungwaungwa kwa muda. Tangu siku hiyo alama ya kijani ikawa haiji, mpaka uhesabu kumi. Kiranja anapokea, anatuma kwa wenzake, halafu anakaa kungoja jibu linalotambaa mtaroni. Hesabu kumi si kitu ukiwa na mgonjwa mmoja. Mimi nilikuwa na foleni iliyotoka mlangoni ikakunja kona.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Asubuhi moja Bwana Nakala alipita na ngazi begani, nami nikamtolea uvivu mbele ya foleni nzima. "Shemeji, hii mashine yako inasubiri nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasema labda imekwenda kunywa chai. Wakacheka tena, na mimi nikacheka kuliko wote. Masikio ya shemeji yangu yaliiva. Ni mtu asiyejibizana, mambo huyameza yakamkaa kooni.

Kesho yake mashine iliruka. Ukibonyeza tu, kijani hicho hapo. Foleni ikaisha kabla ya saa tano, kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu niajiriwe. Saa ya chai akaja dirishani, akainama.

"Nimemruhusu kiranja ajibu peke yake," alinong'ona. "Akishapokea tu, anatoa alama. Wenzake anawapelekea baadaye, kwa mafungu, kila dakika. Ni kwa muda tu, mpaka waya ubadilishwe. Usimwambie mtu."

"Na akifa ndani ya hiyo dakika?"

"Dakika moja, shemeji! Itakufaje ndani ya dakika moja?"

Nikaona ana maana. Sasa ninajua kuwa hakuwa na maana yoyote, kwa sababu mashine haifi nje ya dakika. Siku yoyote itakayokufa, saa yoyote, itakuwa na dakika yake ya mwisho, na ndani ya dakika hiyo kuna watu wanaandika. Mtu aliyehifadhi vyeti vya watoto juu ya kabati langu alilijua hilo kuliko mimi. Lakini alikuwa amechekwa, na kuchekwa kunampofusha mtu. Na mimi nilitaka foleni yangu iishe.

Daktari Mkuu alimsifu kwenye mkutano wa asubuhi, akamshika mkono, makofi yakapigwa. Ikawa wiki, ikawa miezi mitatu. Waya haukubadilishwa, na sijui nani angeuulizia ilhali mambo yanakwenda kwa kasi. Mwenye wajibu wa kuulizia alikuwa yeye. Aliniambia baadaye kwamba kila alipotaka kuandika barua ya kukumbushia, aliona atalazimika kueleza kwa nini mashine inakwenda vizuri hivyo na waya mbovu.

Kiranja alikufa Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Kiyoyozi cha chumba cha mashine kilivuja, maji yakadondokea mgongoni mwake, akazimika. Na hapa lazima nimpe shemeji haki yake: wawili waliobaki walichaguana kiranja mpya kabla hatujapepesa macho. Hakuna kioo kilichoganda. Mimi niliendelea kusajili watu bila kujua kama kuna kilichotokea, ila mwanamke mmoja niliyejua kabisa nimeshamsajili sikumwona kwenye orodha. Nikamsajili tena, nikasema ni uchovu.

Bwana Nakala alizunguka ofisi hadi ofisi, shati limelowa. "Mmehisi chochote?" Hakuna aliyehisi. Mchana Daktari Mkuu akasema hii ndiyo kazi ya kitaalamu, mashine imekufa na hospitali haikujua. Wakampigia makofi tena. Shemeji alicheka kwa mdomo, huku mkono wake ukisugua suruali, ukisugua tu pale pale pajani. Nilimwona. Dakika ile ya mwisho ilikuwa imekwishamjia kichwani.

Saa nne na dakika kumi na nne asubuhi hiyo, Nesi Kalamu alikuwa amemaliza kumpokea binti wa miaka tisa mwenye homa ya mapafu. Jina, uzito, joto la mwili, vyote vilikwishaingia. Mama wa mtoto alikwishainuka na mfuko wake. Akafika mlangoni, akageuka, akasema, samahani nesi, nilisahau, huyu mwaka juzi alichomwa penisilini akavimba uso mpaka macho yakafunga. Nesi Kalamu akaketi tena, akaandika, akabonyeza. Alama ya kijani ikaja. Akamwambia mama, usiwe na wasiwasi, imeshaingia.

Saa nane mchana, katika jengo la wadi, nesi mwingine wa zamu nyingine alifungua habari za yule binti. Hakuona onyo lolote. Akamchoma sindano kama alivyoandika daktari.

Mtoto aliponea chupuchupu. Siku tano alilala chumba cha uangalizi na mrija kooni, na alipotolewa sauti yake ilikuwa inakwaruza kama ya mtu mzima. Mama yake alisimama mbele ya dirisha langu akapiga kelele ambazo bado nazisikia nikiwa nafua, akirudia: Nilimwambia. Nilimwambia yule nesi kwa mdomo wangu.

Kikao kilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mimi huitwa kuandika muhtasari kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri, kwa hiyo nilikuwemo, pembeni, na kalamu yangu. Walikuwepo Daktari Mkuu, Matroni, Nesi Kalamu na shemeji.

"Niliandika," alisema Nesi Kalamu. "Na alama niliiona."

Matroni akamgeuzia kioo. "Tuonyeshe."

Haikuwepo. Alisogeza juu, akasogeza chini, akavua miwani akaifuta, akasogeza tena. Daktari Mkuu hakumkaripia, na ingekuwa afadhali angemkaripia. Alimgeukia shemeji kwa upole.

"Fundi, mashine zako zinaweza kupoteza neno la mtu?"

Bwana Nakala alitazama meza. "Kitu kikishakuwa kwenye mashine mbili, daktari, hakipotei."

Kila neno katika sentensi hiyo ni kweli. Ungempeleka mbele ya hakimu angeshinda. Nesi Kalamu alimwangalia bila hasira, kama mwanafunzi anayesahihishiwa hesabu, kisha akainamisha kichwa. Na mimi niliyejua alama ile ilikuwa inatolewa na mashine moja, si mbili, niliandika sentensi yake kwa mwandiko wangu mzuri, nikaifungia na alama za usemi.

Nesi Kalamu akaondolewa chumbani kwake, akapelekwa stoo ya mashuka. Kikao cha mwisho kikapangwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Asipokuwa na maelezo, jina lake lipelekwe kwa wenye mamlaka wamnyang'anye leseni. Miaka ishirini na miwili, na angetoka kama mtu aliyetaka kuua mtoto kwa uzembe.

Jumamosi dada yangu alinipigia simu, sauti iko juu. "Mdogo wangu, njoo. Mume wangu ana mwanamke."

Nikamkuta ameketi kitandani, mbele yake kuna taulo limekunjwa. Alilitoa chini ya nguo za shemeji, kabatini. Mumewe hali, halali, akiulizwa anasema kazi, na sasa ameanza kuficha zawadi za watu ndani ya taulo walilopewa siku ya harusi! Nikafungua. Ilikuwa diski ya mashine, ile sehemu inayotunza maandishi, kipande cha chuma kizito, kidogo kuliko sahani, pembeni kina alama ya maji yaliyokauka.

"Hii ndiyo zawadi?" dada aliuliza. Akaigeuza huku na huku. Ikabidi acheke, na mimi nikacheka, huku macho yangu yako kwenye ile alama ya maji.

Mchana ule ule nilimfuata shemeji kwenye karakana yake ya hospitali na taulo mkononi. Hakushangaa. Aliiunganisha diski kwenye kompyuta yake bila kusema neno, kama aliyekuwa anangoja mtu wa kumlazimisha. Ilikwaruza, ikagoma, ikakubali. Mistari kumi na moja ya dakika ya mwisho ikapanda kwenye kioo. Yule mwanamke wangu wa mara mbili alikuwemo, wa tatu kutoka juu. Wa nane ulikuwa huu:

Saa 4:14. Mama anasema mtoto huyu ASICHOMWE penisilini. Alivimba mwaka juzi. Jamani tafadhali msisahau.

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda chenye gurudumu bovu, likipiga kelele mpaka likapotea.

"Nilimdhamini," alisema shemeji. "Alikuwa na daftari lake, nikamwambia alitupe."

"Hukumwambia alitupe."

"Nilimwambia asahau."

Machozi yalimtoka. Ni mara yangu ya kwanza kumwona akilia, na sikujua niweke wapi mikono. Akasema Jumatatu ataipeleka kwa Daktari Mkuu. Kisha akasema lakini watamwaga unga wake siku hiyo hiyo, na watoto bado wadogo, na dada yangu. Kisha akasema ataipeleka. Akanitazama usoni, akingoja.

Nilichomwambia ni, "Ngoja kwanza."

Maneno mawili. Nikaongeza mengine ya kuyapamba: pengine watamhurumia, pengine mama wa mtoto atalegeza moyo, usijitose kabla maji hayajakufika. Lakini nilichoogopa nakijua. Niliogopa akisema yeye, wataniuliza mimi nilijua nini. Akarudisha diski kwenye taulo, nami nikaenda nyumbani nikapika, nikala, na nikashiba. Hilo la kushiba ndilo linaloniuma.

Wiki iliyofuata nilianza kumpelekea Nesi Kalamu chai kule stoo. Ni chumba kisicho na dirisha, mashuka yamepangwa hadi darini, kuna harufu ya sabuni. Aliyapanga kumi kumi na kuyaandikia vibandiko. Sikioni hakuwa na kalamu. Nilipomuuliza, alisema inamwasha. Alinishukuru kwa chai kana kwamba nimemletea dunia. "Wenzangu wote wananipa kisogo, mdogo wangu. Ni wewe tu." Kila nikitoka pale nilijiapiza nitasema kesho, na kesho yake nilipeleka chai.

Alinieleza pia kwamba alikuwa amekwenda nyumbani kwa mama wa mtoto. Hakuna aliyemtuma. Alipiga magoti sebuleni mbele ya majirani, akaomba radhi, na yule mama akamwambia atoke. Binti alikuwa amekaa kwenye kochi, anatazama. "Alikuwa na haki ya kunifukuza," alisema Nesi Kalamu, akakunja shuka.

Jumatano, siku mbili kabla ya kikao, kile kimashine cha kuchapa vibandiko vya mashuka kiliharibika. Fundi ni mmoja, ikabidi aje. Mimi nilikuwa pale na chupa yangu ya chai. Shemeji aliingia, akasalimia huku anaangalia sakafu, akapiga goti kufungua kimashine. Bisibisi ilimwanguka mara mbili.

Nesi Kalamu akamsogelea. "Bwana Nakala, naomba unifundishe."

"Nini, Nesi?"

"Nilikosea wapi. Nimefikiri wiki nzima. Labda nilibonyeza kitufe kingine, labda niliandika nikafuta. Mimi si mtu wa kompyuta. Hata ile alama ya kijani nadhani niliiota tu, nilikuwa nimechoka." Alizungumza taratibu, akiwa amekumbatia fungu la mashuka kifuani. "Unesi utakwisha Ijumaa, sawa. Lakini popote nitakapokwenda nitakutana na mashine hizi. Nifundishe nisije nikamuumiza mtoto mwingine."

Shemeji alibaki pale chini na bisibisi mkononi. Nami nikaelewa kitu ambacho vikombe vya chai havikuwahi kunielewesha. Tulikuwa watatu tunaojua kwamba alama ile ilitokea. Wawili tulikuwa tumenyamaza. Ukweli ulikuwa umebaki kwa mtu mmoja tu, na yeye sasa alikuwa anaufuta kwa mkono wake mwenyewe, huku anatuomba msaada.

"Hukukosea, Nesi," alisema shemeji. Akaiweka bisibisi sakafuni. "Hukukosea popote."

Nesi Kalamu akatabasamu kwa huruma. Alidhani anafarijiwa.

Shemeji hakungoja Ijumaa. Alitoka pale stoo, akaenda kwenye karakana, akachukua taulo lake, na saa sita mchana tuliitwa wote kwenye kile chumba cha kikao, mimi na kalamu yangu pembeni. Aliweka diski mezani. Alisimulia yote bila kujitetea: mtaro, kiranja, dakika, makofi. Alisema kwamba alipoulizwa wiki ile alijibu kwa maneno ya kweli ili aseme uongo. Kisha akaunganisha diski, mstari ukapanda kwenye kioo, na akamwomba Nesi Kalamu asogee.

Alisoma akifuata kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. "Jamani tafadhali," alisema polepole, "hilo ni langu. Mimi ndiye ninayeandikaga jamani." Akamgeukia Matroni. "Niliandika."

"Uliandika," alisema Matroni, na hakuweza kumtazama.

Kisha Nesi Kalamu akamtazama shemeji, kwa muda mrefu, na tabasamu la huruma halikuwepo tena. "Nilipiga magoti kwa yule mama," alisema. "Ulijua?"

"Sikujua ulikwenda."

"Lakini ulijua sikuwa na kosa."

"Nilijua."

Hakumtukana. Alichukua kalamu ya Matroni mezani, akaichomeka sikioni, akatoka.

Daktari Mkuu alijifuta paji la uso. "Kuna mtu mwingine aliyejua mabadiliko haya?"

Shemeji hakugeuza hata shingo upande wangu. "Hapana," alisema.

Nami nikaandika: Hapana.

Alifukuzwa kazi wiki hiyo hiyo. Sasa ana meza ya kutengeneza simu karibu na stendi, na dada anasema analala vizuri kidogo. Jumapili ya kwanza baada ya kufukuzwa alikwenda nyumbani kwa mama wa binti, peke yake. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, basi nenda ukamlete yule nesi, maana nilimfukuza kama mbwa. Nesi Kalamu alikwenda. Walikaa sebuleni wote, na binti akamwonyesha madaftari yake ya shule.

Waya ulibadilishwa, na fundi mpya alirudisha utaratibu wa zamani. Alama haitoki mpaka mashine mbili ziwe na maandishi. Siku ambazo mawasiliano ni mazito unahesabu mbili, tatu, foleni inanung'unika. Mtu akigonga dirisha kuniuliza hii mashine inasubiri nini, namwambia inamsubiri wa pili. Nesi Kalamu, aliyerudishwa chumbani kwake upande wa pili wa ukuta, hucheka kila mara. Amepata daftari jipya. Saa ya chai hunigawia mkate wake nusu, na huwaambia wageni kwamba nilikuwa mtu pekee aliyemkumbuka kule stoo.

Haya nimeyachapa nakala tatu, kama ambavyo angefanya yeye. Ya kwanza nilimpelekea shemeji mezani kwake. Aliisoma amesimama, akasema, "Ungeacha tu, shemeji," akageukia simu ya mteja. Ya pili iko juu ya kabati langu, pamoja na vyeti vya watoto. Ya tatu ninayo mkononi. Nimefunga dirisha mapema, foleni imekwisha, na Nesi Kalamu ameshaniona hapa mlangoni kwake. Anasogeza mkate, ananipa kiti.